Mwacheni Candiru na Jina Lake

Nakumbuka Jumapili moja ya Lobule, mwanangu, na kama ningeruhusiwa kusahau siku moja tu ya maisha yangu, ningeichagua hiyo. Lakini siruhusiwi. Kila nikidhani imelala, mmoja wenu ninyi vijana huja kuiamsha. Mwezi uliopita iliamshwa tena, hapa Adumi, kwa maikrofoni, na ndiyo maana naandika nikiwa nimeudhika. Ya Adumi nitayafikia. Kwanza nikupeleke Lobule, maana si haki nikuonyeshe shimo na kukuficha kwamba mimi ndiye niliyelitumbukia wa kwanza.

Nilikuwa nimetoka kumaliza sekondari Arua. Shuleni niliokoka, na hilo silijutii hata leo. Ninachojutia ni kwamba niliokoka asubuhi, na kabla jua halijasimama utosini nilikuwa tayari mwalimu wa wakubwa zangu. Nilitembea na Biblia yenye zipu, na mistari nimeipanga mdomoni kama risasi. Ukiniambia una homa, nilikupa mstari. Ukiniambia umefiwa, nilikupa mistari mitatu. Maji ya kunywa sikuwahi kumpa mtu.

Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa ameolewa Lobule, upande wa Koboko. Alikuwa amezika watoto wawili, mmoja baada ya mwingine, na mumewe akafa wakati yeye ana mimba ya tatu. Mtoto alipozaliwa, msichana, shangazi alimwita Candiru.

Wewe wa kwetu unajua, lakini barua za wazee husomwa na wengi, kwa hiyo nieleze. Kwetu Walugbara mtoto hupewa jina kutokana na lile lililompata mama yake wakati huo. Aliyezaliwa nyumba ikiwa na furaha huitwa Ayikoru. Aliyezaliwa katika taabu huitwa Candiru. Mama halazimiki kuzunguka kijijini akieleza habari zake. Jina la mtoto linazieleza.

Shangazi aliniomba niwe msimamizi wa ubatizo. Mchungaji alikuwa akifika Lobule mara chache, na siku nyingine zote kanisa lilikuwa mikononi mwa katekista. Kazi ya msimamizi ilikuwa ndogo mno: kumshika mtoto, na mchungaji akiuliza anaitwa nani, kujibu. Basi. Hata kasuku angeiweza.

Nilipanda baiskeli kutoka Arua, na njia nzima jina lile lilinisumbua. Nilisema moyoni, huyu mama amepungukiwa imani. Amemfunga mtoto kwa taabu tangu tumboni. Mtu aliyeokoka anawezaje kumleta mtoto mbele za Bwana akiitwa Taabu? Sikumuuliza shangazi. Ningemuuliza, pengine haya yote yasingetokea, lakini mjuaji hana swali.

Kanisa lilijaa. Vinanda vya adungu vilipigwa mpaka nyasi za paa zikacheza. Mchungaji akachota maji kwa kiganja, akaniuliza, "Mtoto huyu anaitwa nani?"

Nikasema, "Ayikoru."

Nilisema kwa sauti kubwa, nikijiona nimemfukuza shetani. Nilipomtazama shangazi, mdomo wake ulikuwa umefunguka kama mtu aliyetaka kusema neno. Lakini maji yalikwisha kumwagwa. Mwanangu, huwa mnasema maji yakimwagika hayazoleki, mnaitupa tu kama methali ya shuleni. Mimi niliyaona yakimwagika. Ubatizo haurudiwi.

Shangazi alimchukua mtoto mikononi mwangu, taratibu, bila kunitazama usoni, akatoka nje adungu zikiendelea kupigwa. Jumapili iliyofuata hakuja. Wala ile iliyofuata. Yule mama alikuwa amezika watoto wawili na mume bila kukosa kanisa hata mara moja. Mimi nilimtoa kwa neno moja.

Katekista alikuwa Mzee Onzima, mwanajeshi wa zamani. Siku zote alisema Kilugbara, laini kabisa, lakini akikasirika alikiacha akashika Kiswahili cha kambini. Aliponiita nyuma ya kanisa na kuanza kwa Kiswahili, nilijua nimekwisha.

"Weye nani?" aliniuliza.

Nikataja jina langu.

"Mimi najua jina yako! Mimi nauliza weye nani, napatia mutoto ya watu jina? Mama alikutuma kusema kitu moja, weye nasema kitu ingine. Kwa jeshi, mutu kama weye nafungwa."

"Mzee, jina lile lilikuwa la huzuni. Biblia inasema tufurahi."

"Aa, Bibilia. Haya, fungua hiyo zipu yako. Naomi iko ndani ama hapana iko?"

"Yuko, mzee."

"Alifiwa na bwana, alifiwa na watoto, akarudi kwao. Akasema watu wamuite namna gani?"

"Mara."

"Mara maana yake nini?"

"Uchungu," nikasema, na sauti yangu ikaanza kupungua.

"Nani alimukataza?"

Nikaitazama zipu ya Biblia yangu.

"Hapana mutu! Wanawake yote ya Betelehemu ilinyamaza. Sasa weye, na hiyo cheti yako ya Arua, iko na akili kupita wanawake ya Betelehemu? Na Ruthu je, alimuhubiria Naomi? Alisema maneno kidogo, halafu akaenda shamba. Kesho asubuhi weye naenda shamba ya shangazi. Nachukua jembe. Mudomo nabaki hapa kwa mimi."

"Nikimkuta nimwambie nini, mzee?"

"Hapana sema kitu! Kama mudomo nakuwasha, tafuna karanga."

Nilikwenda. Niseme ukweli, nilikwenda nimenuna, nikijiona mteswa kwa ajili ya imani. Shangazi alinikuta shambani napalilia karanga zake, akasimama kidogo, akarudi ndani. Hakunifukuza wala hakunikaribisha. Jua lilipopanda, nilikuta chakula kimewekwa kizingitini, ugali wa muhogo na maharagwe yaliyoungwa kwa ufuta, kimefunikwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi ndipo nilianza kukiona kitanda cha shangazi. Niliona anavyochota maji na mtoto mgongoni. Niliona akipita kwenye makaburi yale madogo nyuma ya nyumba anavyopunguza mwendo, kila mara, hata akiwa na ndoo kichwani. Kwa mistari yangu yote sikuwa nimewahi kumsindikiza hata kisimani.

Niliendelea kwenda msimu wote wa palizi, na kununa kuliisha kabla ya magugu. Siku moja nilikuwa uani namenya mihogo wakati Mama Zaituni alipofika. Huyu alikuwa mfanyabiashara kutoka Koboko mjini, Mwislamu, Mnubi, aliyekuja kununua ufuta kwa shangazi. Hata kabla hajateremka kwenye baiskeli iliyombeba alipaza sauti, "Candiru! Candiru mama yangu, iko wapi?" Akampokea mtoto, akambusu tumbo. Kisha akaniona.

"Na hii bubu nani?"

"Ni msomi wetu wa Arua," shangazi akasema. "Mdomo wake umebaki kwa katekista."

Wakacheka mpaka Mama Zaituni akafuta machozi. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia shangazi akicheka tangu msiba. Niliinamia mihogo yangu. Kisha Mama Zaituni akauliza, "Lakini kweli alibadili jina ya mutoto?"

Shangazi hakunijibu mimi, mwanangu. Hakuwa na deni la kunijibu. Alimjibu mwenzake, na mimi nikasikia kwa sababu nilikuwapo.

"Sikumwita Candiru kwa kukosa tumaini," alisema. "Nilipomzika yule wa pili, nilichoka kuomba. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Basi nikasema, mtoto huyu nitampa jina ambalo ndilo sala yangu. Mtu akimwita kisimani, Mungu atasikia: taabu. Watoto wenzake wakimwita kucheza, Mungu atasikia: taabu. Kijiji kizima kitaniombea bila kujua. Hata nikiwa nimenyamaza, Mungu hatasema hakuambiwa." Akamtazama mtoto. "Sasa kanisani anaitwa Furaha. Mungu akisikia hivyo, si atadhani mimi niko sawa?"

Mama Zaituni alisema tu, "Allah nasikia, dada yangu. Nasikia." Akaendelea kumbembeleza mtoto kwa jina lake.

Mimi kisu kilikuwa kimesimama kwenye muhogo. Nilikuwa nimeingia katika sala ya mwanamke aliyechoka kuomba, nikaikata katikati, nikasema amina ya kwangu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona.

Nilikwenda kwa Mzee Onzima nikamweleza yote. Alinijibu kwa Kilugbara, na hapo nilijua hasira imemtoka. Jumapili iliyofuata, watu walipokwisha kukusanyika, aliwaambia, "Leo hatusali hapa. Kama mgonjwa hawezi kufika kisimani, maji hubebwa." Akatutoa nje. Tulishika njia ya mguu katikati ya mashamba, adungu mbele, kina mama wakiwa na kuni na unga kichwani, mpaka uani kwa shangazi. Hapo Mzee Onzima alisimama penye lango la ua, na kila aliyeingia alipaswa kumsalimu mtoto kwa jina lake kwanza. Candiru. Candiru. Candiru. Wazee, kina mama, hata viziwi wa kwaya. Sala ile ilipita midomo mingi kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kusikia.

Nilikuwa wa mwisho. Nilisema jina. Shangazi alinitazama. Kisha akanipa mtoto nimshike.

Tangu siku ile alirudi kanisani. Alinisamehe, na alipika chakula kila nilipopita. Lakini mpaka anakufa hakuniomba tena nimwombee, hata mara moja. Alimwomba katekista, alimwomba Mama Zaituni, mimi hakuniomba. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu nimemlea peke yangu.

Sasa ya Adumi. Candiru alikua, akaolewa huku kwetu Adumi, akawa bibi wa watu. Mwezi uliopita alifiwa na mumewe. Tulikuwa tumeketi msibani, yeye kwenye mkeka, mimi nyuma yake na fimbo yangu. Akaja kijana kutoka Arua mjini, koti zuri, maikrofoni na spika zimebebwa kwa bodaboda. Nilitazama ni nani amechota maji, si yeye. Wenzake walikuwa wametuma pole kwenye simu, vile vimikono vilivyoungana na maua, wakabaki Arua. Kijana akaanza. Mama asilie, kulia ni kukosa imani. Mungu ana mpango. Kisha akauliza jina la mjane, akaambiwa. Akatingisha kichwa.

"Mama, hapo ndipo penye shida! Jina hilo linavuta msiba. Leo tunalivunja! Kuanzia leo utaitwa nani, mama? Sema Blessing!"

Candiru aliinua uso. Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba, lakini alisema wazi, "Mwanangu, jina langu liliombewa na Lobule nzima kabla mama yako hajazaliwa. Liache."

Yule akacheka ndani ya maikrofoni na kuanza tena. Mwanangu, mimi ni mtu wa amani, na magoti yangu hayasimami haraka. Siku ile yalisimama. Sikujua hata ni lugha gani itatoka. Ilitoka ya Mzee Onzima.

"Weye nani?" nikamwambia. "Zima hiyo kitu! Iko jembe kule. Iko ndoo kule. Chagua!"

Watu waliokuwa wakilia walicheka, Mungu atusamehe. Kijana alizima. Nami nikaketi karibu na Candiru. Baada ya muda aliweka mkono wake juu ya fimbo yangu, akasema polepole, "Kaka, niombee."

Hakuna aliyeniomba hivyo katika nyumba ya shangazi tangu ujana wangu. Sala yangu ilikuwa fupi. Nilisema, "Bwana, huyu ni Candiru." Nikaishia hapo, maana mengine yote yalikuwa ndani ya jina.

Basi nisikilize, nawe uliyeshika maikrofoni usikilize pia, maana nimechoka kurudia. Imani si mkono wa kumziba mtu mdomo. Aliyefiwa akilia mbele za Mungu, bado anasema na Mungu. Wewe unayemnyamazisha ndiye unayemfukuza. Usimpe mtu furaha yako kwa nguvu kama nguo isiyomtosha. Muulize kabla hujamjibu. Ukienda kumfariji mtu, tangulize ndoo, tangulize jembe, mstari ufuate nyuma, na ukiona haufai siku hiyo, rudi nao nyumbani, hautaoza. Na ukiwa wewe ndiye uliyechoka kuomba, usiogope. Waambie watu taabu yako kwa jina lake, wakubebee mpaka sauti yako irudi. Faraja ya Mungu hufika hivyo mara nyingi, ikiwa na kuni kichwani.

Mungu akupe miguu myepesi kwenda msibani na ulimi mzito ukishafika. Akupe wa kukupalilia shamba siku utakaposhindwa, na asikuache uitwe jina lisilo lako. Na mimi, akinijalia, anisikie kama alivyomsikia shangazi yangu.