Kapasita za Mama

Harufu ya risasi ya kulehemu ikichanganyika na ya mawese hunirudisha Rumonge, kwenye ua wetu, mwaka niliokuwa darasa la tano. Mama alikuwa fundi wa redio. Ufundi aliujifunza katika kambi ya wakimbizi Tanzania, kabla hatujarudi nyumbani. Esansi, yaani petroli, ilipoadimika na wauza mawese wakaanza kubeba madumu kichwani, alinunua bodi la kigari kisicho na injini, akakifungia mota ya umeme na betri kuukuu. Majirani walikiita gari ya redio.

Siku ya kwanza tulikipakia madumu, tukakielekeza kwenye kilima cha soko. Mama alipokanyaga, taa zilififia, kisanduku cha kuongoza mota kikazima, tukaanza kurudi nyuma polepole mbele ya watu wote. Bibi Anjelina, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alicheka mpaka akaketi chini. Mama alivuta breki, akashuka, akatia jiwe nyuma ya gurudumu.

"Kicheko hakina mikono," aliniambia. "Mota iko inataka kunywa yote mara moja. Tutaitafutia akiba."

Akiba yenyewe ilikuwa kapasita, mikebe minene kama ya maziwa ya unga, ya kuipa mota msukumo wa kuondokea. Kando yake aliweka betri ndogo ya pikipiki kwa ajili ya taa, honi na kile kisanduku, visizimike tena mota ikivuta. Mchana mmoja, betri zote zikiwa zimeshachomolewa, nilishika ncha mbili za kapasita. Nawaambieni, iliniuma kama nyoka. Nilijikuta nimekaa ndani ya beseni la kufulia, nguo za watu zikinizunguka.

"Mama Neema, acha hii kitu," Baba alisema. "Itatuulia mutoto."

Mama alinipaka mshubiri kidoleni, kisha akakifunika kigari kwa turubai.

Kesho yake, nikinywa uji, nilimwuliza: "Mama, waya za betri zilikuwa nje. Sasa iliniuma na nini?"

Alichukua balbu yenye nyaya mbili, akalifunua turubai.

"Kapasita inabaki na umeme hata ukichomoa. Mbele ya kugusa, tunaunyonya na balbu. Ikizima, tunapima. Wewe ndiye utashika balbu."

Baada ya majuma matatu tulikipanda kilima kile tukiwa na madumu manane, Bibi Anjelina kaketi mbele, kapakata kapu lake, akiwapigia honi watu asiowajua kabisa.

Miaka mingi nilisimulia kwamba Mama hakuwahi kukata tamaa. Mwaka jana Baba alinisahihisha. Siku ile ya turubai, Mama alikwenda mwenyewe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, wakaelewana aje asubuhi kukichukua kigari.

Ndipo nikamkumbuka mtu aliyesimama langoni kwetu asubuhi ile ya balbu na mkokoteni mtupu, Mama akimpungia mkono aende zake. Mimi nilidhani amepotea njia.