Siku Mama Alipoanika Karavani

Mwezi uliopita niliingia kwenye ofisi moja ya muda, zile za plaiwudi na bati ambazo wakandarasi huziweka kando ya barabara, na kabla sijamsalimu mtu harufu ikanishika. Plaiwudi iliyopigwa jua mchana kutwa, dizeli kidogo, na vumbi lililolala kwenye mapazia. Kijana wa mezani aliniuliza mara mbili nina shida gani. Mimi nilikuwa nimeshafika mbali: nina miaka tisa, nimekaa juu ya gunia la michembe, na nyumba yetu inatembea.

Baba yangu alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Biashara ilipofunguliwa na watu binafsi wakaanza kununua pamba wenyewe, kazi ikapungua kiwandani, baba na wenzake wakapunguzwa, nasi tukatakiwa kutoka kwenye nyumba ya kota. Vifaa chakavu vilipouzwa wenzake walinunua mabati na matairi. Baba alinunua trekta bovu na karavani nyeupe, nyumba ya plaiwudi yenye magurudumu, iliyoachwa na wajenzi wa barabara. Kesho yake mama alichukua futi ya baba akaenda kuipima ndani.

Miaka ile kila aliyepata fedha kidogo alinunua mashine ya kusaga, na mashine zilipoharibika baba ndiye aliyezitengeneza. Shule zikiwa wazi karavani ilisimama Bariadi, kwenye kiwanja cha shangazi. Zikifungwa, baba aliifunga nyuma ya trekta tukaondoka: Shishiyu, Mwanhuzi, mara moja hadi Nyashimo kwenye barabara ya Mwanza. Mwendo wetu ulikuwa wa ng'ombe aliyeshiba. Wenye baiskeli walitukuta njiani, wakatusalimia, wakauliza habari za nyumbani, kisha wakatupita.

Kuishi ndani ya kitu kinachotembea kuna utaratibu wake, na mama aliujifunza kwa hasara. Safari ya kwanza tulifika Shishiyu na sahani mbili nzima tu. Tangu hapo glasi zilisafiri ndani ya soksi za baba, na mayai ndani ya debe la unga, kila yai peke yake, yasigusane. Dagaa hawakuingia ndani kabisa. Walining'inia nje kwenye kifuko, kwa sababu harufu yao ikishaingia kwenye godoro inakaa hadi mwaka mwingine. Michembe ndiyo iliyotulisha njiani. Viazi vilivyokaushwa haviozi, havivunjiki, na mtoto akiwa na kipande mdomoni haulizi kila saa kama tumefika.

Tukisimama mahali, mama aliweka sahani ya maji juu ya meza. Maji yakikimbilia upande mmoja, baba aliongeza jiwe chini ya gurudumu la upande huo. Aliyepuuza sahani aliamka kichwa kinamuuma, kwa sababu alilala miguu juu. Maji ya kuoshea vyombo yaliosha miguu, kisha yakamwagwa mlangoni kutuliza vumbi. Majivu yalizungushwa kwenye magurudumu kuzuia siafu. Jiko la mkaa lilikaa nje daima, hata mvua ikinyesha. Na kabla hata ya kuwasha moto, mama alikwenda kwenye mji wa karibu, yaani kaya ya jirani, kusalimia na kuomba ruhusa ya choo. Baba alisema huko ni kujisumbua. Mama alimwambia yeye ni mwanaume, ataelewa wapi.

Desemba ya mwaka wa pili tulikuwa tunatoka Mwanhuzi kwenda kijiji kimoja cha mbele, ambako mashine ilikuwa imekufa na watu walikuwa wakitwanga. Mvua ikatukuta kwenye mbuga, ule udongo mweusi ambao ukikauka ni jiwe na ukilowa ni ugali. Karavani ikazama hadi ekseli. Trekta likavuta, likatoa moshi mweusi, likazima.

"Pampu ya dizeli," baba alisema. Akaifungua, akaifunga kwenye gunia, akamwomba mpita njia baiskeli kwa kumwachia saa yake ya mkononi. "Kesho kutwa nimerudi."

Tukabaki watatu: mama, mimi, na mdogo wangu Masanja, aliyekuwa na miezi saba. Siku mbili zilipita vizuri. Tope lilikuwa zito kiasi kwamba mama hakwenda kusalimia kwenye miji kama kawaida yake. Tulifunga madirisha na mapazia kwa sababu ya nzi, tukala michembe, nikamfundisha Masanja kupiga makofi.

Siku ya tatu asubuhi tulikwenda kisimani. Wanawake walikuwa wengi na walikuwa wakiongea kwa sauti, lakini tulipofika walinyamaza, kisha wakaendelea kwa sauti ya chini. Mimi nilikulia kota, Kiswahili ndicho kilichokuwa kinywani mwangu, na Kisukuma nilikijua cha kusalimia tu. Nilidaka maneno mawili: ng'wana, yaani mtoto, na numba, yaani nyumba. Nikadhani kuna mzee anayemjengea mwanawe. Mama, ambaye alizaliwa Magu na Kisukuma ndicho alichonyonya pamoja na maziwa, alikuwa anateka maji huku ameinamisha kichwa. Aliondoka na dumu nusu. Sikuwa nimewahi kumwona akiondoka kisimani na dumu nusu, na nikamkumbusha.

"Twende," alisema.

Tulipofika alifungua mlango, akaweka jiwe usijifunge. Akafungua madirisha yote, akang'oa mapazia.

"Leo tunafanya usafi, Kabula. Toa kila kitu nje."

"Kila kitu?"

"Hata kijiko."

Nilichukia. Tope halijakauka, na mama anataka magodoro nje! Lakini tulitoa. Magodoro tuliyalaza juu ya trekta. Mablanketi, sufuria, madaftari yangu ya shule, nguo za ndani za baba ambazo niliona aibu kuzianika mbele ya barabara, vyote vilitoka. Kisha vifaa vya baba. Alikuwa na mipira mirefu ya kupitishia mafuta, myembamba, na mama aliinyoosha yote juu ya turubai, mmoja mmoja, kama anayepanga mishikaki. Akaweka na chupa kubwa ya oili ya haidroliki, ile nyekundu. Baba alikuwa haturuhusu hata kuigusa.

Watu walianza kuja. Wanawake walitangulia, kiasi cha kumi. Nyuma yao, mbali kidogo kwenye migunga, walisimama wanaume wenye fimbo, na wawili walikuwa na mashoka. Mimi nikafikiri wamekuja kukata miti.

"Mwangaluka, mayu," mama aliwaamkia.

Walichelewa kujibu. Katikati yao alikuwepo mama mmoja ambaye macho yake yalikuwa mekundu na kanga yake imefungwa ovyo. Mama alimwendea yeye, akaongea naye Kisukuma taratibu, kisha akamfungua Masanja mgongoni akampa. Yule mama akapokea bila kuangalia, kama mtu aliyepewa mzigo njiani. Masanja akapiga makofi.

Niliona wivu. Mimi nilikuwa naruhusiwa kumshika nikiwa nimekaa tu.

Wanawake wakaingia ndani. Walitazama chini ya vitanda. Mmoja aliyebaki nje alitumbukiza mkono kwenye debe la unga hadi kwenye kiwiko, akatoa yai, akalitazama, akalirudisha. Mzee mmoja aliyewafuata alimimina oili nyekundu kiganjani, akainusa, akaipaka kwenye pedali ya baiskeli yake. Mama alimwacha. Mimi nilikuwa nahesabu kichwani tutachapwa mara ngapi.

Kisha kijana mmoja wa wale wenye mashoka akaja, akaingia, akagonga ukuta wa ndani kwa kidole. Ukalia, ukiwa mtupu. Akagonga tena. Wote wakamgeukia.

"Kabula, bisibisi," mama alisema.

Nilimletea. Alifungua parafujo za ule ukuta, zote kumi na sita, bisibisi ikimteleza kila mara. Plaiwudi ikatoka. Nyuma yake kulikuwa na sponji ya njano, kiota cha panya, na kitana changu nilichokipoteza tangu Juni.

Mwanamke mmoja akacheka. Kicheko kidogo tu, lakini kikavunja kitu. Mama akauliza nani anakunywa chai ya maziwa na nani ya rangi. Walikuwa na maziwa wao, wakamtuma msichana akayaleta. Walikunywa, na wale wanaume waliondoka kwenye migunga mmoja mmoja, bila kuaga. Yule mama mwenye macho mekundu hakunywa. Alibaki amemshika Masanja hadi jua likawa juu, na mama hakumdai.

Kesho yake mchana vilisikika vigelegele. Mtoto wa yule mama mwenye macho mekundu, Jilala, alikuwa amepoteza ndama, akaogopa kuchapwa, akakimbilia kwa mjomba wake ng'ambo ya mto. Mto ukajaa nyuma yake. Maji yalipopungua mjomba alimrudisha. Jioni ile walikuja na maksai wanane na minyororo, wakaivuta karavani hadi kwenye mwinuko wenye mchanga. Jilala mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaongoza wale wa mbele, na alinitolea ulimi.

Baba alirudi siku ya tano, kwa sababu pampu ilibidi ipelekwe hadi Shinyanga. Alikuta nyumba si pale alipoiacha na ukuta umerudishwa juu chini. Mama alimwambia tulifanya usafi.

Na mimi kwa miaka mingi niliwasimulia watu hivyo hivyo: mama yangu alikuwa msafi wa ajabu, aliweza kuanika karavani nzima katikati ya tope. Watu walicheka, nami nikacheka. Nilishakuwa mwalimu, nafundisha Maswa, siku niliyoisimulia hadithi hiyo kwa wageni mbele yake mwenyewe na yeye hakucheka. Wageni walipoondoka ndipo aliponiambia walichokuwa wakisema kisimani. Mtoto hajaonekana, leo siku ya pili. Kuna nyumba nyeupe imesimama mbugani, haifunguliwi madirisha, wapita njia wameona ina mipira na chupa ya damu. Ni ya wanyonya damu. Wanaume wanakwenda kuichoma.

Nikakumbuka mashoka, na mimi nikitafuta ni mti gani watakaoukata.

"Ungekimbia, mama."

"Kwenda wapi, na tope lile? Na ningekimbia ndiyo wangejua ni kweli."

"Ulijua kwamba mtoto ataonekana?"

"Sikujua. Nilikuwa naomba tu."

Nikamuuliza lile ambalo liliniuma tangu utotoni, ingawa sasa lilikuwa limegeuka likawa jambo jingine kabisa. Ilikuwaje akamtoa Masanja mgongoni akampa yule mama, na wanaume wenye mashoka wamesimama pale?

Mama alinitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wangu wakiuliza jambo lililoandikwa ubaoni.

"Alidhani mimi ninaye mwanawe," alisema. "Nikampa wangu."