Maji Yangu, Josho Lake

Nakumbuka asubuhi ile nilipofunga mto, mwanangu, nikiwa kijana mwenye shamba jipya na kifua mbele. Mzungu mmoja upande wa Turbo alikuwa amegawa shamba lake akauza. Mimi niliyeishia darasa la tatu nilinunua sehemu ya juu, penye mto. Barasa, mtu wa kutoka magharibi, akachukua ya chini, penye josho la pekee la kuogeshea ng'ombe. Nikajenga ukuta wa mawe, maji yote yakabaki kwangu.

Barasa akaja. "Jirani, sasa mimi nitakunywa nini?"

"Mvua," nikamwambia. "Mto umenipitia mimi kwanza."

Akarudi zake chini. Siku ya kuogesha ng'ombe dawa ya kupe nikateremka na gredi zangu, ng'ombe wa maziwa wa kizungu waliosifiwa Eldoret nzima. Josho kavu! Barasa amekaa juu ya lango.

"Karibu, tajiri! Dawa iko, maji ndiyo hakuna. Wapake kwa mkono, mmoja mmoja."

Watu wakacheka. Lakini mimi nilijua: ndigana, ile homa ya kupe, ikiingia, sina ng'ombe tena. Mzee Kiprono, aliyekuwa mchungaji wa yule mzungu, akanitazama. "Kijana, kidole kimoja hakivunji chawa. Wewe kupe utawaua kwa ukuta?"

Mwingine angenuna. Mimi, Mungu alinipa kichwa. Siku hiyo hiyo nikabomoa ukuta, nikachimba mfereji wa kwenda kwangu, nikautia lango lenye kufuli. Ufunguo nikampa Barasa. "Wa lango la josho nao nipe mimi."

"Na ukininyima josho?"

"Si utaninyima maji?"

Akacheka akishika tumbo. "Basi tumefungana wote wawili!"

Tangu hapo sijazika ng'ombe wa ndigana.

Sasa unaniandikia kwamba huko chuo kikuu mnachunguza ugomvi wa nchi zinazogawana mito kwa hesabu za mchezo: huyu akifanya hivi, yule atajibu vipi. Kumbe mchezo huo niliucheza kabla hujaota meno! Soma kwa bidii, ila shika na hili langu. Usiulize tu nani yuko juu ya mto. Uliza wa juu anahitaji nini huko chini, maana siku ya josho hurudi kila wiki. Halafu kila mmoja ashike ufunguo wa mwenzake.

Mungu akupe kichwa kama changu, na miguu ya kuteremka kwa jirani kabla josho halijakauka.