Karai la Mama Ivy

Murugi alikuwa ameketi juu ya gunia kwenye uwanja wa faktori ya kahawa ya Gakindu, mguu mmoja ameunyoosha kando kwa sababu tangu uvunjike haukunjiki vizuri. Alikuwa anachambua kahawa yake, mbivu huku, mbichi kule, aliposikia maisha yake yakitoka kwenye simu ya mtu mwingine.

Simu ilikuwa ya Wamae, karani wa mizani. Alikuwa ameiweka ndani ya debe tupu ili sauti ivume, na wanawake wote wa foleni walikuwa kimya, jambo lisiloonekana hapo hata siku ya kutangazwa malipo. Kilichokuwa kikisikizwa ni "Mikono ya Mlima", ile podikasti ya kijana mmoja wa Nyeri aitwaye Ken, anayezunguka akitafuta watu wanaojitolea na viongozi wa mashinani, anawahoji, kisha anawaweka kwenye simu za watu.

Murugi aliitambua sauti kabla ya kuyashika maneno. Ni Wakonyo, mwenyekiti wa kikundi chao cha akina mama, ambaye shamba lake na la Murugi yametenganishwa na ua tu.

"Tukamkuta amelala, mguu umevunjika," sauti ilisema. "Mama Ivy, huyo fundi wa nguo wa hapa soko. Nyumba haina hata chumvi. Choo iko mbali, hawezi kutembea, kwa hivyo haja zake zote ni kwa karai. Na hiyo karai nani anamwaga? Ni mimi. Kila asubuhi. Nilikuwa naambia Mungu, hii kazi ni wewe umenipatia."

"Eish, Mami!" Ken akaitikia. "Wasikilizaji, huyo ndiyo kiongozi tunasema!"

Wamae alimwona Murugi, na badala ya kuzima akaongeza sauti. "Mama Ivy, umekuwa staa! Mpaka Nanyuki wanakuskia!"

"Na hiyo karai bado iko?" mwanamke mmoja akauliza, na kicheko kikapita foleni nzima.

"Iko," Murugi alisema. "Nimeisugua vizuri. Nakuwekea, mama. Nawe utazeeka."

Walicheka zaidi. Murugi akakusanya kahawa yote kwa mikono miwili, mbivu na mbichi pamoja, akaitumbukiza guniani na kuikokota hadi kwenye mizani. Wamae alichungulia ndani, akatikisa kichwa.

"Hii umechanganya, mama. Siwezi pima hii."

Ikabidi arudi, amwage tena, aketi tena, achambue punje baada ya punje mbele yao wote, na podikasti ikiendelea.

Sasa, Murugi si mtu wa kuhurumiwa na yeyote. Aliolewa Kenol, ndoa ikamshinda, akarudi kwa shamba la babake na vitu viwili: cherehani na mtoto. Hakuwahi kugonga mlango wa jirani kuomba kibiriti. Alikuwa na mdomo, hilo kila mtu anajua, na wateja wake walivumilia mdomo kwa sababu mshono wake haukuachia.

Na katika kikundi, zamu zake hakukosa. Kuchuma kahawa kule kwao huenda kwa zamu: leo wanawake wote wako kwa fulani, kesho kutwa kwa mwenzake, hadi shamba la mwisho limalizike. Mwenye shamba hupika uji, na siku ya zamu hakuna anayesema asante, kwa sababu hakuna anayesaidiwa. Unachuma kwangu, nachuma kwako. Mwaka ule alipoteleza na gunia kwenye mteremko wakati wa mvua na kuvunjika mguu, zamu yake ilikuwa imefika. Wakaja, wakachuma. Ilikuwa haki yake.

Karai halikuwa zamu. Hilo Murugi alilijua. Wakonyo aliingia asubuhi ya kwanza, akaliona, akalibeba bila neno na kulirudisha limeoshwa, na akafanya hivyo mpaka mguu ukashika. Murugi alikuwa akigeukia ukuta kila mara. Hakuwahi kusema asante. Neno lilikuwa linafika kooni linakaa hapo. Alidhani Wakonyo anaelewa, na kwamba kitu kama hicho wanawake wawili hukizika kati yao na kupanda mboga juu.

Kumbe mwenzake alikuwa amekiweka akiba.

Basi soko likabadilika. Wateja waliozoea kumlilia bei tangu zamani sasa walimwambia, "Hiyo chenji wacha, Mama Ivy," kwa ile sauti ya kuongea na mgonjwa. Mtu akamletea blanketi kuukuu. Kanisani wakasimamisha ibada kumpa unga, naye akauacha pale pale kwenye kiti, akatoka. Lakini yote hayo angeyatafuna akameza. Kilichomkaba ni siku Ivy, binti yake wa kidato cha pili, aliporudi kutoka shule saa za asubuhi, sare imelowa.

"Wameniwekea karai kwa dawati," Ivy alisema. "Na maji ndani. Ati mamako anaitaka."

"Nani?"

"Wote, mathe. Wote! Sirudi huko mpaka hiyo kitu itolewe kwa simu. Hata ukinichapa."

Murugi hakumchapa. Aliweka mkasi chini, akavuka ua.

Wakonyo alikuwa anapepeta maharagwe mbele ya nyumba, na hakusimama.

"Mwambie huyo kijana aitoe," Murugi alisema.

"Habari ya asubuhi pia, Mama Ivy."

"Mwambie aitoe."

"Nilidanganya wapi?" Wakonyo alipuliza makapi, yakaenda upande wa Murugi. "Niambie neno moja ya uongo, nitaenda Nyeri na miguu."

"Hakuna uongo."

"Basi? Unajua kuna watu wameskia hiyo story wanataka kuletea kikundi tangi ya maji? Tangi, Murugi! Tukose maji sababu wewe unaona haya?"

"Mtoto wangu ameacha shule."

"Mtoto wako afundishwe shukrani, kwa maana mamake hana. Niliingiza mikono yangu kwa uchafu yako. Nilingoja neno moja. Moja tu! Hata mbwa inatingisha mkia."

Murugi alirudi nyumbani, akavaa viatu vyake vya kanisani, akaenda Nyeri.

Studio ya Ken ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia kelele. Ken alimkaribisha vizuri mno, akamvutia kiti, akamwita Mami.

"Kutoa siwezi, Mami. Si kwa ubaya. Hiyo ndiyo imeskizwa kushinda zote. Imegusa watu."

"Imegusa nani? Umenigusa mimi?"

Ken alitabasamu kama mtu aliyezoea wazee wagumu. "Si ukuje uongee pia? Tunakuja Gakindu, tunarekodi mbele ya watu, hapo kwa hall ya kanisa. Mwenyekiti atakuwa hapo. Wewe unasema ile siku ulisaidiwa uliskia aje. Mtu aliyesaidiwa na mtu aliyesaidia. Hiyo itakuwa moto!"

Murugi alimtazama huyu kijana na meno yake meupe, na ndani yake kitu kikageuka. Kwa maana kuna jambo alilijua kuhusu nyumba ya Wakonyo ambalo hakuwahi kulitoa mdomoni.

"Nitakuja," alisema.

Jambo lenyewe ni hili. Mamamkwe wa Wakonyo, Cucu Nyawira, kabla ya kufa alilala kitandani msimu mzima wa mvua. Wakonyo siku hizo ndiye aliyekuwa akiongoza akina mama kuwatembelea wagonjwa hospitalini, na kitambaa cheupe kichwani. Mchana mmoja Murugi alipeleka sare za kikundi alizokuwa ameshona, akakuta nyumba tupu, akasikia mtu anagugumia chumba cha nyuma. Alimkuta bibi amelala ubavu mmoja, na ubavu huo ngozi ilikuwa imebaki kwenye shuka. Kuanzia siku hiyo, kila mchana wenye nyumba wakiondoka, Murugi alipita mlango wa nyuma, akamwosha, akamgeuza, akambadilishia matambara. Cucu alimwomba kitu kimoja tu. "Usiwaseme watu wangu, mwanangu. Wamenitunza kadiri walivyoweza." Wakonyo alijua. Lazima alijua; shuka hazijioshi. Lakini hakuna aliyewahi kulitaja.

Siku ya kurekodi, ukumbi ulijaa mpaka watoto wakakaa madirishani. Wakonyo aliketi mstari wa mbele ndani ya sare ya kikundi, mshono wa Murugi mwenyewe begani. Ken alimpa Murugi kipaza sauti na kumwelekeza ashike karibu na mdomo.

"Mama Ivy, tuambie. Ukiwa pale chini, huna mtu, halafu unaona mwenyekiti anaingia. Roho ilisema nini?"

Murugi alikuwa amekuja na jina la Cucu Nyawira limekaa tayari ulimini. Alikuwa ameshalisema njia nzima, akilipima.

"Si mnataka story ya kujitolea?" alisema. "Niko na moja. Kuna mama mzee alikuwa amelala hapa hapa kwetu, na nyumba ikiwa na watu. Alilala upande moja mpaka akaoza."

Mtu akasema, "Uui!"

"Watu wa hiyo boma walikuwa na kazi. Walikuwa wameenda kusaidia watu wengine." Kicheko kidogo kilianza nyuma, kikafa. "Mimi nilikuwa naingia mchana, namwosha, natoka. Mpaka akakufa."

Ken alisogea mbele kitini, macho yanawaka. "Mami! Hii ni kubwa. Alikuwa nani?"

Murugi alifungua mdomo. Alimwona Wakonyo. Wakonyo alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili kama mtu aliye juu ya lori, na uso wake umekuwa rangi ya majivu. Murugi alimkumbuka Cucu na ombi lake. Hilo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba wakati huo huo aliona jinsi jina likibaki mdomoni linavyomuuma mwenzake zaidi kuliko likitoka.

"Sitaji," alisema. "Nilipatiana ahadi."

"Hata ni miaka gani? Upande gani?"

"Kijana, nimesema sitaji. Wewe ndiyo unataja watu."

Akaweka kipaza sauti juu ya meza, kikapiga kelele masikioni mwa kila mtu, akatoka akichechemea.

Kufikia soko lililofuata, Gakindu ilikuwa inachemka. Kila mwanamke aliyewahi kuzika mamamkwe aliangaliwa. Mashemeji walitukanana hadharani kwenye vibanda vya viazi. "Si mama yenu ndiyo alilala miezi?" "Nyamaza, wenu alikufa akinuka!" Pale faktori Wamae alichezesha sauti hiyo mpya kila asubuhi, akisimamisha pale pa "mpaka akaoza" na kuuliza foleni, "Haya, nani?" Na watu, kwa kukosa kazi bora, wakaanza kukumbuka nani alikuwa mgonjwa lini, na nani siku hizo alikuwa akitembea kusaidia wengine. Mduara ukazidi kuwa mdogo.

Asubuhi moja Murugi alimkuta Wakonyo amesimama kwenye ua, bila kitambaa kichwani.

"Umeniua," Wakonyo alisema.

"Sikukutaja."

"Ndiyo maana! Ungenitaja ningejitetea. Ningesema nilikuwa natapika nikifungua hiyo mlango. Nilijaribu, Murugi. Ile harufu ilikuwa inanirusha nje. Nilikuwa naenda hospitali kuosha wagonjwa wa wenyewe nikilia, kwa sababu huyo wangu nimeshindwa." Alijipangusa pua kwa kiganja. "Sasa nijitetee kwa nani? Hakuna mwenye ameniuliza. Wananiangalia tu."

"Mimi pia waliniangalia."

"Nilimwaga karai yako."

"Nilimwosha mama yako."

Walitazamana juu ya majani, na hakuna aliyetazama chini. Mwishowe Wakonyo akatoa simu, akaiweka sauti ya nje ili Murugi asikie.

"Ken. Toa hizo zote mbili. Yangu na yake."

"Mwenyekiti? Lakini ile ya tangi, wale watu wali..."

"Nimesema toa. Ama nikuje huko na kikundi yote tukae kwa hiyo ngazi yako mpaka utoe."

Wakangoja hapo hapo, kila mmoja upande wake wa ua, hadi Ken alipopiga kusema zimetoka. Wakonyo akatafuta mwenyewe kwenye simu kuhakikisha. Hazikuwepo. Akazima na kwenda zake.

Tangi halikuja. Kikundi kikamlaumu Murugi kwa jambo hilo, wengine mbele yake, wengine kisogoni. Ivy alirudi shuleni na hakusimulia tena ya huko, na Murugi hakumwuliza.

Kahawa ilipoiva tena, zamu ikafika kwa Wakonyo. Wanawake walimwona Murugi akiingia na kikapu kiunoni, wakapigana viwiko. Hakumsalimu mtu. Alichukua mstari wake, na kwa bahati au kwa makusudi ya wengine, mti wa mwisho wa mstari wake ulikuwa pia wa mwisho wa mstari wa Wakonyo. Waliuchuma pande mbili, matawi yakitikisika katikati, bila neno.

Uji ulipoiva, Wakonyo alizunguka na sufuria akimjazia kila mmoja. Alimjazia Murugi kikombe mpaka juu. Murugi akanywa wote, polepole, kwa kuwa ulikuwa moto na alikuwa ameufanyia kazi.

Wakonyo alibaki amesimama, mkono mbele, akingoja kikombe au neno.

Murugi akamrudishia kikombe, akageukia mti.