Goli la Chini

Mume wangu hakuhongwa. Naanza na hilo kwa sababu wakati ule hakuna aliyeniuliza. Hakuuza mechi, hakula nyama ya hongo. Alizuia mpira usiteremke mtoni, kama alivyozoea tangu utoto, kama walivyozoea wao wote waliomzomea.

Asiyeujua uwanja wetu wa zamani hawezi kuelewa. Ulikuwa katikati ya mashamba ya chai. Babu zetu waliuchimba ubavuni mwa kilima enzi za Wazungu, kwa majembe, na hawakumaliza kuusawazisha. Goli la juu lilikuwa upande wa kiwandani. Goli la chini halikuwa na nyavu, na nyuma yake ni mteremko wa migomba mpaka mtoni. Mpira ukipita pale umekwenda, na mpira wenyewe ulikuwa huo huo mmoja. Mtu aufuate majini, sisi wengine tunyeshewe tukimsubiri. Kwa hiyo watazamaji walijipanga nyuma ya goli la chini, na kila mpira ulipoelekea huko uwanja mzima ulipiga kelele: "Zuia!" Aliyezuia vizuri alipigiwa makofi kuliko mfungaji.

Mume wangu alikuwa hodari wa kuzuia. Ndivyo nilivyomwona mara ya kwanza, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na sina pa kwenda. Kijana wa kiwandani, suruali kaikunja mpaka magotini, mwavuli mkono huu, mpira kaudaka kwa mkono ule. Akaurudisha uwanjani bila hata kufunga mwavuli. Nikacheka. Akageuka: "Dada, cheka polepole, utanifanya niukose unaofuata." Nilimpenda hapo hapo, na sioni aibu kusema.

Siku yenyewe ilikuwa fainali, timu ya kiwanda na ya kijiji jirani, Kyimo. Ng'ombe dume wa zawadi alifungwa kando ya uwanja, anakula majani kama vile hayamhusu. Nilisimama na mtoto mgongoni. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka goli la juu halionekani. Mistari ilichorwa asubuhi kwa majivu, mvua ikaifuta yote. Mechi inakaribia kwisha, hakuna bao, mshambuliaji wetu akampiga chenga kipa wa Kyimo, akausukuma mpira goli la chini. Ukaenda taratibu, kwenye tope. Uwanja mzima ukalia: "Zuia!" Nilisikia kwa masikio yangu. Hata wachezaji wetu wa akiba walilia hivyo, maana kwao lile lilikuwa bao tayari, kilichobaki ni kuuokoa mpira. Mume wangu, pale nyuma ya goli, akainama, akaudaka.

Refa akaja mbio, akainamia tope pale mstari ulipopaswa kuwa. Akasema haujavuka. Akaudondosha mpira uchezwe upya, beki wa Kyimo akaubutua, na bado tunabishana, wenzake wakatufunga kule juu. Bao hatukuliona. Tulijua kwa kelele zilizotoka kwenye ukungu.

Ng'ombe akaenda Kyimo.

"Kwani mama yake si mtu wa huko?" mmoja akasema, na basi, imekuwa hivyo: eti Kyimo wamemhonga nyama ya yule ng'ombe. Kweli mama mkwe alizaliwa Kyimo. "Mwanangu," aliniambia, "mimi nimeolewa hapa kabla hawa hawajazaliwa. Nimewazika baba zao. Leo nimekuwa mtu wa Kyimo?" Kiwandani salamu ya mume wangu haikuitikiwa. Mimi nikienda dukani Ibighi naulizwa, "Shemeji, leo kwenu mmechemsha paja au mbavu?" Nilimwambia mmoja wao kwamba nimechemsha ulimi, aje nimwongezee, maana wake hautoshi.

Mume wangu hakuwa na maneno kama yangu. Alivumilia, akakonda, kisha asubuhi moja akaniambia anakwenda Chunya, machimboni. "Wakisahau nitarudi."

"Na sisi tukisahau?"

Alifunga kamba za viatu. Mtoto alikuwa ndio anaanza kusimama.

Halafu serikali ikauza shamba. Mwekezaji akaja, akapunguza watu, na wale wenye midomo mirefu ndio walikuwa wa kwanza kufunga magodoro yao. Timu ikafa. Uwanja ukalimwa, ukapandwa chai. Nguzo za goli la chini nasikia zinashikilia banda la nguruwe huko Lufingo.

Sasa mimi ni kibarua, nachuma chai pale pale. Goli halipo, lakini nikilifikia najua, miguu inaanza kuteleza. Nasimama kidogo na kikapu mgongoni. Natamani ile kelele. Natamani yule kijana na mwavuli wake, na huku namtukana.

Juzi alikuja mtu kutoka Chunya, mwenzake wa machimboni. Akanywa chai yangu, akazungukazunguka, mwishowe akasema, "Shemeji, anauliza kama bado wanasema."

"Nani aseme? Timu hakuna. Uwanja ni chai. Waliomzomea nusu yao wako huko huko Chunya, hajawaona?"

"Amewaona. Mmoja analala naye chumba kimoja."

"Basi anaogopa nini?"

Yule bwana akatazama kikombe. "Nadhani anakuogopa wewe."

Nje mtoto alikuwa anachezea mpira wake wa matambara. Nyumba yetu nayo imekaa mteremkoni.

"Mwambie anaogopa vizuri," nilisema. "Mwambie nitasema mimi, peke yangu, mpaka nichoke, na yeye atakaa hapo asikilize. Halafu mwambie mwanawe ameanza kupiga mpira. Kila siku unateremka mpaka mtoni, na mimi nimechoka kuufuata."