Zamu ya Colman

Kwetu Connemara, magharibi mwa Ireland, aliyezikwa mwisho kwenye magofu ya abasia, makao ya watawa wa kale, ndiye mwenye zamu. Huwatekea maji marehemu wenzake mpaka azikwe mwingine. Ndiyo maana mazishi mawili yakiangukia siku moja, watu hukimbizana na majeneza hadi langoni. Nimeona wanaume wazima wakitukanana huku wamebeba maiti.

Mama mdogo Honor alimzika mwanawe Colman, mtoto wa miaka saba, siku moja na bibi Sabina wa ng'ambo ya ziwa. Sisi tulikuwa mbele. Karibu na lango mama mdogo akaomba jeneza lishushwe, aliguse tu. Waliposhusha, watu wa Sabina wakatupita. Colman akaingia wa pili. Haukupita muda, wakubwa wakasema kuta zile zitaangukia watu. Wakatia lango kufuli, asizikwe mtu tena mle.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa, mama mdogo hupenya kwenye ufa wa ukuta na ndoo ya maji, akayamimina kaburini. Mumewe, baba mdogo Martin, humwambia wafu hawana kiu. Yeye hujibu kwamba mtoto wake hakuwa na nguvu ya kubeba hata nusu ndoo.

Mwaka huu jirani yetu, mzee Festus, akaugua. Babu zake wote wamelala mle abasiani, naye alisema atalala nao, kufuli au si kufuli. Akamwita mama mdogo, akamwambia, "Honor binti yangu, nakwenda kumpokea zamu huyo kijana. Atanicheka ninavyochechemea, lakini nitampokea."

Mama mdogo akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Akawa anampelekea supu kila siku, na akifika mlangoni anaona haya kuuliza mgonjwa ameamkaje.

Festus akafa. Wanawe wakaja kutoka Uingereza, wakamzika kwenye makaburi mapya kando ya barabara. Mama mdogo alimshika mkono yule mkubwa, akamweleza yote. Akajibiwa kwa upole kwamba hayo ni mambo ya kizamani, na sheria ni sheria.

Tuliporudi nyumbani hakuvua hata koti.

"Martin, ni mimi niliyesema washushe."

"Najua."

"Nikifa unipeleke kule. Mvunje lango."

Baba mdogo akatazama moto. "Nitakuwa mzee, mke wangu. Sijui kama nitaweza kukubeba kupanda mlima ule wa abasia."

"Basi tangulia wewe."

Baba mdogo hakukasirika. Alisogeza kiti karibu naye, wakaanza kutafuta, jina kwa jina, ni nani pale kijijini angethubutu kuvunja lango.