Mnyama wa Mtoni na Shosho Wangu

Nikiwa bado mtoto, hakuna kitu kilichonifurahisha kama upinde wa mvua, na hakuna kilichomtisha Shosho kama huo huo upinde.

Shosho, mama yake mama yangu, aliishi Ngoliba, kwenye shamba la mbaazi lililoteremka hadi mtoni. Mama alifanya kazi kiwandani Thika, kwa hivyo mimi na ndugu yangu mdogo, Karanja, tulilelewa na Shosho. Alitulimia, akatupikia, akatushonea sare za shule kwa mkono. Kila jioni aliwaombea watoto na wajukuu wake wote kwa majina, huku githeri ikipoa nasi tukiitazama.

Kuhusu mto alikuwa na sheria moja. Ndani ya maji, alisema, anaishi mnyama mkubwa, na upinde wa mvua ni rangi za mwili wake zikimulika angani. Ukiuona, toka majini, maana anakuja kula. Kanisani Shosho alikuwa wa kwanza kufika, lakini hakuna mhubiri aliyeweza kumwondolea mnyama huyo kichwani.

Jumamosi moja asubuhi tulikuwa mtoni tukifua. Jua liliwaka, na maji yalikuwa machache, safi kabisa. Mimi nilikuwa ukingoni nikikanyaga blanketi ndani ya beseni. Karanja alikuwa amepanda jiwe kubwa katikati ya mto, anaanika sweta yake. Nikainua macho, nikauona upinde upande wa Thika, mzima, haujakatika popote. Moyo ulinidunda kwa furaha. Nilikuwa ndiyo kwanza namwonyesha Karanja niliposikia sauti ya Shosho huko juu shambani.

"Tokeni majini! Wanjiku, mtoe huyo mtoto!"

Alikuwa ametupa jembe, anateremka mbio, kitambaa kimemtoka kichwani. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia.

"Lakini Shosho, maji hata hayafiki magoti," Karanja akasema, akicheka.

Shosho aliingia mtoni na gambuti zake miguuni, akiomba kwa Kikuyu bila kupumzika, akamshika Karanja mkono na kumvuta. Hapo ndipo nilipoona maji yamegeuka rangi ya udongo na yanabeba vijiti. Kisha mto ukanguruma. Pale kwenye kona likatokea gogo zima la mti, limesukumwa na maji mengi kuliko niliyowahi kuyaona. Nikamkamata Shosho nguo, nikavuta kwa nguvu zangu zote, na sote watatu tukaangukia majanini. Tulipogeuka, jiwe halikuonekana tena. Beseni na blanketi vilikuwa vimekwenda.

Tulihema, tukaanza kucheka bila kujua kwa nini. Shosho alitupapasa vichwa, mabega, miguu, akihakikisha tuko wazima.

"Blanketi letu, Shosho," nikasema.

"Acha ajifunike nalo."

Shuleni wiki hiyo hatukuwa na habari nyingine. Karanja aliapa kwamba aliuona mkia.

Nilipofika sekondari, mwalimu alitufafanulia: mvua hunyesha huko juu, jua likaipiga na kuchora upinde, na maji yale yale yakaja kuujaza mto huku chini. Nilienda mbio kumwambia Shosho. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na huyo mwalimu wenu ameshaingia huo mto?"

Shosho ametutoka, akiwa mzee sana. Siku hizi naishi Kiuu, nina watoto wangu, na upinde ukitokea juu ya maghorofa tunakimbilia dirishani pamoja. Kwa miaka mingi nilimsifu Shosho kwa kuujua mto. Siku hizi nafikiria jambo lingine. Karanja alisimama pale katikati bila woga kwa sababu hakuamini kuna mnyama. Shosho aliamini. Alijua kwa moyo wake wote kwamba yumo ndani ya maji yale, na kwamba anakuja, na aliingia.